Mgeni Asiyeandikwa Getini

Usiniambie ni jua la Ikutha lilinipiga kichwani. Akili zangu zilikuwa timamu, na ilikuwa saa tisa mchana.

Nilikuwa mwanajeshi, karani wa stoo ya nyaraka katika kambi ndogo nje ya Ikutha. Kwenye kabati la chuma kulikuwa na ramani za doria za mpakani, njia wanazopita wenzetu. Zikitoka, watu wanakufa. Sheria ilisema kabati lifunguliwe na watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Mwenzangu akaenda likizo, akaniachia wake. Miezi miwili, hakuna mwingine aliyeletwa. Niliripoti mara moja, nikaambiwa nivumilie, nikanyamaza. Upweke ule siuombei mtu. Kuna asubuhi nilijikuta nikilisalimia kabati. Cheka tu, najua.

Jumapili moja mlango ukabishwa. Nikafungua, nikamwona mama yangu na leso yake ya kanisani, eti ametoka Nunguni kuniona. Hata sikuuliza amepitaje getini. Wewe ungeuliza? Aliniita "baba", kama anavyoniita siku zote, maana nimepewa jina la babake. Pale kambini hakuna aliyejua hilo. Machozi yakanitoka.

Nikamwekea chai, hakuigusa. Akaniuliza naishije, nikamwaga yote, mpaka habari ya funguo mbili. Kisha akasema polepole, "Baba, nionyeshe hiyo kazi inayokunyima kuja nyumbani."

Nikafungua kabati. Niamini, kwa mikono yangu mwenyewe. Nikampa faili ya ramani aione, akaitia chini ya leso na kusimama, akisema gari litamwacha.

Kwetu mzazi haondoki hivi hivi. Kila tukiagana, mama hunitemea mate kidogo viganjani, ndiyo baraka. Nikainama, nikakinga mikono. Akajaribu. Akajaribu tena. Mdomo ulikuwa mkavu, ikatoka pumzi ya baridi tu, na joto lote lile. Nikainua macho. Uso ulikuwa bado wa mama, lakini yale macho hayakunijua.

Nikaivuta faili. Hakushindana nami. Alitoka, na nilipofika mlangoni uwanja mzima ulikuwa mtupu.

Nikampigia mama simu. Alikuwa Nunguni, wanapanga viti baada ya ibada. Nikakimbia getini. Kitabu cha wageni hakikuwa na jina hata moja siku hiyo. Askari wa zamu, mtu mzima wa Matiliku, akakifunga.

"Nilifungulia mama yangu," akaniambia. "Ningemwitishaje kitambulisho? Nilimzika mwaka jana."

Niliandika ripoti, sikuficha kitu. Karatasi zilikaguliwa, hakuna iliyopungua. Tulifukuzwa sote wawili, mimi na yule askari wa getini, na sikulalamika.

Siku hizi niko Kitui mjini, nauza vipuri vya pikipiki. Mama hunipigia kila Jumapili kuuliza nitakuja lini. Namwambia hivi karibuni. Nunguni si mbali, ni mwendo wa saa chache tu, lakini naogopa kumtazama usoni.

Wewe unayelinda siri ya watu, usikubali kuachwa nayo peke yako. Piga kelele mpaka wakuletee mtu. Mimi zile ramani nilizirudisha kabatini salama. Mama yangu yuko hai, na nimeshampoteza.