Msamaha wa Kabla ya Kutupwa

Judo ilinigharimu meno mawili, goti la kushoto na ujana wote. Meno nimeyahesabu mara mbili, mara ya pili kwa ulimi. Hata hivyo, ingeuzwa tena kwa bei hiyo, ningeomba punguzo kidogo, kisha ningenunua.

Siku ya kwanza niliingia klabu ya Butembo nikidhani nitaonyeshwa namna ya kutupa watu. Kiongozi wetu, tuliyemwita Komanda, alikuwa mwanajeshi aliyetumwa kwetu kutoka Kasai. Mkeka ulikuwa magunia ya maganda ya kahawa yaliyofunikwa turubai.

"Anguka," aliniambia. Nikaanguka. "Hapana vile. Kidevu kwa kifua, mukono upige chini, pumuzi itoke. Anguka tena."

"Na kutupa, Komanda, tutaanza lini?"

"Siku utaacha kuogopa chini. Mutu mwenye kuogopa chini anakamata mwenzake sawa vile mulevi anakamata mulango."

Alisema kweli. Mwili usioogopa kuanguka hulegea, na uliolegea husikia mapema mwenzake anaelekea wapi. Baada ya hapo ilikuja uchikomi, yaani kuingia chini ya mwenzako tena na tena bila kumtupa, mpaka miguu iache kuuliza kichwa. Mimi niliongeza elimu ya soko: ukishika ukosi wa kimono, usionyeshe unachotaka. Uliza bei ya maharagwe, na moyo wako uko kwa viazi.

Nilipokomaa, Komanda akanituma Beni kufungua tawi katika ukumbi wa parokia, na huko wakaniita Maître, yaani mwalimu. Mwanafunzi wangu mkubwa, Kambale, alikuwa anatupa kila mtu. Nikampeleka Butembo kwa mtihani wa mkanda mweusi. Huko kila mtu alimtupa yeye.

Komanda aliniita pembeni. "Ulimufundisha judo, ao ulimufundisha kuamkiwa? Mutihani wa pili akishindwa, tawi ninafunga."

Nilirudi Beni nikaangalia vizuri. Wadogo walikuwa wanaanguka kabla Kambale hajavuta. Nikamuuliza Masika, msichana mwepesi kuliko wote.

"Ni yaya yetu, mukubwa wetu, Maître. Nitamutupa namna gani mbele ya batu?"

"Kambale, na wewe hukuona?"

"Nilizania ni nguvu."

Nikaweka adhabu: anayeanguka kwa adabu atateka maji. Wakateka maji kwa furaha, na Kambale akawashukuru. Biashara hiyo ilikuwa hasara. Ikabidi nijadiliane.

"Masika, ukimukosea mukubwa unafanya nini?"

"Ninamuomba pardon."

"Donc, basi, omba sasa, kosa litakuja nyuma."

"Na akikatala?"

"Akikatala, yeye hapana kushika kimono leo."

Masika akainama. "Yaya, unisamehe." Kambale, bila kuwaza, akajibu, "Nimekusamehe." Kufumba na kufumbua alikuwa amelala juu ya turubai, akiangalia dari ya parokia.

"Sikukusamehe kwa nguvu hizi," alisema.

"Imeshalipwa, yaya."

Tangu hapo kila pambano la mazoezi lilianza hivyo. Kambale alitupwa na wadogo zake mpaka akajua kweli kupima uzito wa mtu mikononi. Mtihani wa pili alifaulu, na tawi halikufungwa. Baadaye alihamia Kayna kwa biashara. Goti liliponistaafisha, nilimkabidhi Masika ukumbi. Watoto waliokimbia vijiji vyao pamoja na mama zao wanakuja pale, wanajifunza kuanguka na kuinuka, na siku hizi mkeka hautoshi. Hiyo ndiyo faida yangu, na sijaona anayeweza kunipunja.

Limebaki jambo moja. Masika ameolewa, na baba mkwe wake, mzee mwenye mgongo mzuri, amejiandikisha. Anafika wa kwanza, anaanguka vizuri kuliko vijana, anataka mkanda wa njano. Masika haoni amtupe vipi, na mkanda hautolewi kwa mtu ambaye mwalimu hajamshika. Mzee ameshatoa msamaha, tena kwa sauti. "Si kosa, Maître," Masika ananiambia, "ni mukwe wangu. Hata mukono wa salamu simupatii."

Nimefikiri, nikafikiri tena. Wewe unayesoma, kama kwenu mlishapata namna, uniambie kabla ya Jumamosi, siku ya mtihani wake. Mzee ameshafua kimono.