Mshumaa Uliorudi Ukiwaka

Mama yangu ameuza mafuta ya taa katika soko la Kisegi tangu kabla sijaanza shule. Alitulea mimi na mdogo wangu kwa jerikeni, faneli na pua yake. Duniani ana adui mmoja tu, mchuuzi anayechanganya mafuta, na sijawahi kumsikia akimwonea huruma. Alitufundisha kudondosha tone kiganjani: petroli inakupa ubaridi na kukauka papo hapo, mafuta ya taa yanabaki yaking'aa. Kisha unanusa. Mimi sikuwa na kipaji hicho. Mdogo wangu alirithi pua ya mama nzima nzima, akajivunia kama mtu aliyerithi shamba.

Mimi nilisomea kemia, na sasa nafundisha sekondari huku Mbita. Kila mwaka nazichora alkani, ukoo mzima wa mafuta, ubaoni, kaboni zimeshikana mikono na hidrojeni zimezizunguka. Naeleza jinsi mafuta ghafi yanavyochemshwa, mvuke ukapanda mnarani: yenye mnyororo mfupi hufika juu na kutoka kama gesi na petroli, mafuta ya taa na dizeli hutokea chini yake, na yenye mnyororo mrefu zaidi huganda, ndiyo nta ya mshumaa. Mdogo wangu aliponisikia nikiyaeleza nyumbani alicheka sana.

"Kumbe mshumaa na petroli ni mtu na ndugu yake? Na hiyo, mwalimu, ndiyo ulilipiwa karo?"

"Petroli ndiye kitinda mimba asiyetulia," nilimjibu, kwa sababu kitinda mimba wetu alikuwa yeye.

Alifanya kazi Macalder, kwenye mashimo ya dhahabu. Hakuwa mchimbaji hasa, alikuwa mtu wa pampu. Shimo likijaa maji, yeye ndiye aliyechagua petroli, akainusa, akawasha injini. Lakini pampu haiwezi kufyonza maji kutoka kina kirefu, kwa hivyo wao huiteremsha injini yenyewe kwa kamba, ikanguruma humo humo shimoni. Maji yakiisha wanaizima, wanangoja moshi utoke, halafu wanateremsha mshumaa uliowashwa ndani ya mkebe. Mshumaa ukizima, hakuna anayeshuka. Ukirudi ukiwaka, mtu anashuka. Wamefanya hivyo kwa miaka, na mshumaa umewaokoa wengi.

Mama alitaka jambo moja tu kutoka kwa mdogo wangu: aje ajenge simba, nyumba ya kijana katika boma la kwao. Mwanamume mzima asiye na simba huwasumbua watu akiwa hai, na huwasumbua zaidi akifa. Kila mara alisema shimo hili likikauka atakuja. Safari hii mama aliamini, kwa kuwa mabati yalikuwa yamekwisha kufika, yameegemezwa ukutani nyuma ya jikoni. Mdogo wangu alipiga simu Alhamisi kusema Jumapili yuko nyumbani.

Ijumaa, wakati wa chai ya saa nne, simu yangu iliita. Alikuwa mwenzake wa kazini.

"Mwalimu, kuja tu. Brathe yako ako chini na haongei."

Nilipofika walikuwa wamemtoa, wamemlaza juu ya turubai. Hakuwa na jeraha. Midomo yake ilikuwa na wekundu mzuri, kama wa mtu aliyelala baada ya kushiba, na wekundu huo nauchukia mpaka leo. Mwenzake alishika mkebe mkononi akaniambia, mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia, kwamba mshumaa ulirudi ukiwaka, na kwamba mdogo wangu aliinama, akanusa, akasema hakuna kitu.

Nilijua. Natamani nisingejua. Petroli ikiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na kidogo tu inamuua mtu, ikamwachia midomo myekundu. Mshumaa hauijali. Mshumaa unatafuta oksijeni, na oksijeni ilikuwepo. Ndugu mmoja, petroli, alitoa sumu; ndugu mwingine, mshumaa, akashuka, asiione, akarudi na habari njema.

Kwetu hatumziki mwanamume asiye na nyumba. Kwa hivyo binamu zangu walijenga simba yake kwa siku moja, mbio mbio, ukuta haujakauka, kwa mabati yale yale aliyoyanunua. Nilisikia nyundo asubuhi nzima na nilitamani kumpiga mtu.

Baada ya mazishi mama aliniita ndani. Alikuwa ameshika shati alilovuliwa mdogo wangu.

"Wewe uliyesomea mafuta. Mshumaa ulizima?"

"Haukuzima, mama."

"Sasa mwanangu ameuawa na nini?"

Nilijaribu. Nilimwambia ni hewa, hewa inayotoka kwenye injini, isiyonuka. Kidholuo changu cha nyumbani kiliishia hapo. Mama alinitazama kwa namna anavyomtazama mchuuzi wa mafuta ya kuchanganya.

"Hakuna kitu kinachotoka kwa mafuta kisichonuka," alisema, akanisogezea shati. "Nusa."

Nilinusa. Palikuwa na jasho, sabuni ya kipande, na petroli begani, pale alipokuwa akibeba jerikeni. Hata mimi, mbovu wa kunusa, nilimjua. Nililia hapo hapo mbele yake.

Mama alilikunja shati, akalitia katika ndoo yenye kifuniko cha kukaza, akabana kwa magoti mpaka kikalia. Ndivyo alivyotufundisha kuweka petroli, maana kifuniko kikilegea inaondoka yote.

"Mwalimu," aliniambia, na hajawahi kuniita hivyo kabla wala baada ya siku ile, "harufu ikifungwa hivi, itakaa?"

Minyororo mifupi, kama ya petroli, ndiyo huondoka kwanza. Nafundisha hivyo kila mwaka.

"Itakaa, mama," nikasema.