Bolti Nne za Gari Jekundu

Shingo yangu haigeuki upande wa kushoto. Mtu akiniita kutoka huko nageuka mwili mzima, kama mlango. Wengi husema ilikuwa ajali tu. Mimi nasema kuna watu, na nitawataja kwa kazi zao. Majina nayaacha, kwa maana watoto wao bado wanayatumia.

Wa kwanza ni ofisa wa pamba. Baada ya Uhuru mzungu aliyekalia kiti chake alirudi kwao, akamwachia ofisi na kumuuzia gari lake: viti viwili, jekundu, kuukuu hata siku zile, halina paa ila turubai la kukunja. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea katika gereji moja hapa Homa Bay. Shule niliishia darasa la tatu, lakini chuma nilikuwa nakijua.

Alipolileta mara ya kwanza nilimwambia, "Bwana ofisa, hili likipinduka, paa ni kichwa chako."

Alicheka. Kisha lori la samaki likapinduka mbele ya macho yake, na dereva akatoka dirishani akijipangusa vumbi, kwa sababu vyuma vya kebini vilishika. Siku iliyofuata ofisa alikuja mwenyewe.

Nilikata bomba nene la maji, nikalijaza mchanga lisibonyee, nikalipasha moto na kulipinda taratibu mpaka likawa na umbo la mlango wa kanisa. Likasimama nyuma ya viti, limepita vichwa kwa kiganja kimoja. Nilitaka kulichomelea kwenye chasisi, liwe kitu kimoja na gari. Ofisa akakataa.

"Weka bolti. Siku nikiuza, mtu asifikiri nimemuuzia kitanda."

Nikaweka bolti nne. Kila mwezi nilizipaka grisi zisishike kutu. Hapo na mimi najitaja.

Wa pili ni shangazi yake ofisa, ambaye wote tulimwita waya, yaani shangazi kwa Kijaluo. Mdogo wake ofisa alikuwa anaoa Migori, harusi ya kanisani, na bibi arusi alitakiwa kupandishwa gari jekundu. Ijumaa waya alikuja gereji pamoja na ofisa, akalizunguka gari, mikono mgongoni.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kukinga kichwa, waya. Gari likianguka."

"Nani amekuambia litaanguka? Unaiombea nini harusi yetu?" Akamgeukia ofisa. "Nyathina, mwanangu, msichana wa watu ataingia bomani akikaa chini ya mti wa kunyongea? Wakwe watatuonaje?"

Ofisa, aliyekuwa akiwafokea makarani mpaka wanaangusha kalamu, mbele ya shangazi yake alikuwa anatazama viatu.

Nikajaribu tena. "Waya, tulifunge maua. Litakuwa kama geti la harusi."

"Mti wa kunyongea wenye maua!" akasema, na gereji nzima ikacheka.

Wa tatu ni nyapara wa gereji. Hakunipenda tangu wateja walipoanza kuniulizia mimi badala yake. "Omera, ndugu yangu, ni bolti nne tu," akaniambia. "Jumatatu unarudisha. Ama hilo bomba umelioa?"

"Mimi silitoi."

"Basi niletee spana."

Nikaleta. Spana hiyo nimeiwaza miaka mingi. Ningesema imepotea. Ningesema bolti zimekwama, kama ningeziacha zikwame. Zilitoka laini, nyapara hata koti hakuvua. Bomba likaegemezwa ukutani.

Harusi ilikuwa nzuri, sikatai. Nilichukuliwa kwa sababu gari lile lilipenda kuzimika. Bibi arusi alisimama nyuma ya kioo cha mbele, watu wakapiga vigelegele, waya akacheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Jumapili mchana tulirudi wawili, ofisa kwenye usukani, mimi kando yake.

"Kesho asubuhi unirudishie bomba lako," akasema tulipopita Rongo. "Bila hilo nasikia baridi mgongoni."

Karibu na Rodi Kopany mvua ilikuwa imenyesha, na ng'ombe walikuwa wanavuka. Akakanyaga breki. Gari likateleza, gurudumu likaingia mtaroni, tukapinduka chali. Ofisa alikufa pale pale. Upande wangu ulikuwa juu ya mtaro. Shimo lile lilifanya kazi ya bomba, kwa mtu mmoja.

Sikuhudhuria mazishi, nilikuwa bado hospitalini. Niliambiwa waya alisimama akalia kwamba fundi ndiye aliyekitamka kifo kabla hakijaja. Nyapara naye akawaambia waombolezaji kwamba spana ililetwa na mimi. Na ni kweli. Niliporudi gereji, mashine yangu ilikuwa imepewa mtu mwingine. Shingo hii isingeinamia kazi hata hivyo.

Mwaka jana nilipita nyumbani kwa nyapara, ameshastaafu. Bomba langu lilikuwa uani, limesimama vilevile, kamba zimefungwa, shuka zinakauka. Nililisukuma. Halikutikisika. Miguu yake ilikuwa imezikwa katika saruji.

"Umelikaza sawasawa," nikamwambia.

"Lazima," akasema. "Wajukuu wanacheza hapo chini. Likiwaangukia je?"

Nikageuka mwili mzima, nikaondoka.