Mashine ya Shangazi

Mashine ya mvuke wa dawa, ile ya pumu ya binti wa kaka yake, shangazi huifuta kila asubuhi mpaka ing'ae, kisha huifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kikombe cha dawa na barakoa havijaonja sabuni tangu vinunuliwe. Binti akimkumbusha kwamba nesi alisema vioshwe kila vikitumika, shangazi hubinua mdomo. "Nesi ndiye aliyenunua? Vuta, mwanangu, mate ni yako mwenyewe." Binti huvuta, kifua kikizidi kulia filimbi. Juzi vumbi la ufagio likambana kifua shangazi mwenyewe. Akaichukua barakoa, akaisogeza usoni, akainusa. "Mwanangu," akasema akihema, "hebu lete sabuni kwanza." Binti akainuka kuifuata, bila haraka.