Mbolea ya Bucha

Kipande cha bustani cha Bucha kilikuwa kimesongwa na magugu hadi paka wa jirani aliingia humo akiwa kijana akatoka na wajukuu, na anayebisha akamuulize paka. Tangu mkewe afariki, Bucha hakukanyaga pale. Alibaki dukani kwake akikata nyama na kujisifu. Mwenyekiti wa bustani akamwonya: asiposafisha, kipande anapewa mwingine. Na dawa ya magugu marufuku, maana wote walichota maji kisima kimoja.

"Dawa ya nini?" Bucha akacheka. "Mimi nachuna ng'ombe mzima huku napiga soga na wateja. Nyasi ndiyo inishinde?"

Kweli, magugu marefu aliyalaza chini. Zikabaki ndago. Ndago juu ni jani jembamba tu. Shughuli iko chini, kwenye vijiazi vyeusi kama shanga, vimeshikana kwa uzi. Mwenye akili huchimba taratibu, akatoa uzi na shanga zake zote, akavianika juani hadi vikauke kabisa. Bucha alileta gogo na shoka la dukani. Akazikatakata ndago kama nyama ya mteja mwenye haraka, akachanganya na samadi, akajaza magunia.

"Mbolea hiyo!" akawagawia watu. Gunia nono kuliko yote akampa shemeji yake, dada wa marehemu, ambaye kipande chake kilipakana na cha Bucha na mboga zake ndizo zilizolisha nyumba yake.

Mvua ikanyesha. Kila kipande cha shanga kikaamka kivyake. Kwa shemeji ndago zilibanana hivi kwamba ukitega sikio ulizisikia zikisukumana. Bucha alichungulia juu ya ua, akatazama pembeni mwa kipande chake alipomwaga mabaki ya mbolea, akaona majani yale yale. Masikio yakamwaka moto. Tangu siku hiyo akawa anapita njia ya nyuma ya vyoo, mtu mzima na kitambi chake, ameinama kama mwizi wa kuku.

Lakini shemeji alimfuata dukani, kununua mifupa.

"Macho yangu yamekwisha, shemeji," akasema. "Kumbe miaka yote nilikuwa naziacha ndago nikidhani nimepalilia. Jumamosi namrudishia mwenyekiti kipande chake."

"Usi... usifanye haraka."

"Nisubiri nini, nicheke na ndago? Nimezeeka, basi. Wewe angalau ulinikumbuka kwa mbolea. Mungu akubariki."

Bucha akageukia mizani. Akampimia mifupa, akaongeza bonge la nyama laini.

"Na hii ya nini?"

"Basi tu."

Usiku kucha alijigeuza kitandani. Alikuwa akimwonea haya shemeji, na kumwonea haya marehemu zaidi, maana dada wa marehemu ndiye aliyekuwa akifukuzwa shambani na shoka la Bucha.

Jumamosi alimkuta shemeji amefunga jembe na reki kwa kamba, amekaa kwenye kigoda anamsubiri mwenyekiti.

"Shemeji, ni mimi."

"Nakuona. Sijawa kipofu kiasi hicho."

"Ndago ni mimi. Nilizikatakata, nikazitia kwenye lile gunia. Macho yako mazima kabisa."

Bucha alisubiri matusi, yangemfaa. Shemeji hakutukana. Alifungua kamba, akarudisha reki ukutani, jembe akamtupia miguuni.

"Piga magoti. Anzia hapa njiani, watu wakuone. Atakayeuliza, umjibu mwenyewe."

Haikupita muda, seremala akatokea. "Bucha! Umeangusha nini?"

"Sijaangusha. Nilipanda ndago," Bucha akanong'ona.

"Unasema?"

"Paza sauti," shemeji akasema. "Mashine zimemla masikio huyo."

"NILIPANDA NDAGO!"

Seremala akacheka mpaka akashika ua. Bucha akazidi kuinama, jasho na matope usoni, akivuta uzi mmoja mmoja na kuhesabu aibu yake shanga kwa shanga. Ndipo akaona viatu vya mwenyekiti mbele yake.

"Nilikuwa nakutafuta, bwana!" mwenyekiti akasema kwa furaha. "Ile mbolea yako nimeimwaga bustani nzima. Iliyobaki nimempelekea mama mkwe."

Bucha akafumba macho. Shemeji akakivuta kigoda chake karibu, akakunja mikono.

"Haya, mwambie," akasema. "Mimi siendi popote."