Kobe na Begi la Kaka Yake

Fundi viatu alikuwa na kibanda cha mabati karibu na lango la kiwanda, na mtu mnene akiingia humo ilibidi Fundi atoke. Waliomjua kwa viatu walimwita Fundi tu. Waliomjua kwa gofu walimwita Kobe, na jina hilo alibandikwa na kaka yake wa tumbo moja.

Gofu waliirithi kwa baba yao, aliyezeeka akiwabebea matajiri mabegi ya fimbo. Alipokufa aliwaachia fimbo za kuokoteza, kila moja na ukoo wake, na ruhusa ya mdomo kwamba watu wa kazi na watoto wao wanaweza kucheza Jumatatu, siku ambayo wenye uwanja hawaji. Jumatatu hizo walikuja mkata nyasi, mpishi wa kantini, mabawabu, na hao ndugu wawili.

Kaka mtu alikuwa msimamizi wa ghala la mbao, pande la mtu, na kwa kuwa mpira wake ulitoka kwa kishindo na kupotea machoni, wakamwita Mzinga. Kobe yeye alikuwa mwembamba kama uzi anaoshonea. Mpira wa Mzinga ukitua, wa Kobe ulikuwa bado nyuma kabisa, umekaa kwenye nyasi kama mtu aliyechoka njiani.

"Kobe, huo umeupiga au umeutuma dukani?" Mzinga aliuliza kila Jumatatu, na kila Jumatatu watu walicheka kana kwamba ndiyo kwanza wanausikia mzaha huo.

Kundi lao lilikuwa na desturi moja. Mechi ya kufunga mwaka, wawili wakipangwa pamoja, anayeshindwa anambebea mwenzake begi kila Jumatatu mpaka amshinde. Kuna njia nyingine moja tu ya kulitua begi hilo, nayo ni mshindi mwenyewe kusema, "Inatosha." Wengi walilisema neno hilo wiki ya pili tu, wakanywa chai, yakaisha. Mzinga hakuwahi kulisema. Alipangwa na mdogo wake mwaka hadi mwaka, akamshinda mwaka hadi mwaka, na Kobe akabeba hadi bega likaota sugu.

Mwaka mmoja Kobe alikuja na homa inayomtetemesha meno. Mkata nyasi akasema, "Mzinga bwana, leo mwachie mwenzio, si unamwona?" Mzinga akacheka. "Homa iko kichwani, begi liko begani. Vinagombania nini? Tembea, Kobe, usiniburuzie vyuma." Kobe akatembea. Kwenye shimo la sita alitapika kando ya njia, akajifuta kwa mkono wa shati, akalinyanyua tena begi. Kaka yake alikuwa tayari mbele, anapiga mluzi.

Siku hiyo binti mdogo wa Kobe alikuwa amekuja kumletea baba yake dawa. Aliona yote. Jioni mkewe alimwekea maji ya kuoga, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba Watoto, sikuingilii mambo yako na kaka yako. Lakini mwakani ukishindwa tena ukalibeba lile begi, usipite nalo hapa. Zunguka kwa nyuma."

Fundi aliingia kuoga. Alikuwa mtu wa kumeza, na aliyomeza hayakuwa yakipotea.

Kesho yake alichukua ile fimbo ndefu ya kuanzia mchezo, ambayo kwa miaka alikuwa akijikamua nayo ili amfikie kaka yake, akaikata kwa msumeno, akaifanya komeo la mlango wa kibanda. Habari zilipofika ghalani, Mzinga alicheka hadi akashika rundo la mbao asianguke. Lakini Fundi alikuwa ameona jambo ambalo angepaswa kuliona siku nyingi, maana alilitumia kila siku mezani pake: ukivuta uzi kwa hasira, ngozi inachanika. Unavuta kiasi, tundu baada ya tundu, na soli inakaa.

Akaanza kupiga kwa kiasi. Kila alfajiri, kabla ya kufungua kibanda, alikwenda kiwanja cha nyuma ya kiwanda na fimbo fupi mbili, akatandika kipande cha ngozi chini na kuupeleka mpira juu yake. Ukipita ngozi, amekosa. Ukiishia kabla, amekosa. Hakutafuta tena umbali. Akatambua pia kwamba katika gofu aliye mbali na shimo ndiye hutangulia kupiga. Aliyeachwa nyuma anapiga kwanza, na akiuweka mpira wake kwenye zile nyasi laini zinazozunguka shimo, mwenye nguvu anabaki kuutazama, na mkono wake unaingia tamaa.

Wiki moja kabla ya mechi ya kufunga mwaka, mke wa Mzinga alikuja kibandani na kiatu kisichokuwa na kasoro yoyote. Akakaa kwenye kigoda.

"Shemeji, nimekuja kwa jambo. Usimwambie kaka yako kwamba nimekwambia."

"Sema, shemeji."

"Bega lake la kulia limekwisha. Shati namvalisha mimi. Daktari amemwambia akilitumia kwa nguvu litachanika, na likichanika halishoneki. Na kazi yake unaijua, pale ghalani hata msimamizi ananyanyua mbao. Mwombe muahirishe hiyo mechi. Akiombwa na mwingine atakataa kwa kiburi. Wewe ni mdogo wake."

Fundi aligeuza kiatu, akakikagua soli kwa muda mrefu.

"Hiki hakina ubovu," alisema.

"Najua. Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia, shemeji."

Alisikia kweli. Kesho yake asubuhi mke wa Fundi alipomuuliza mbona uso wake umebadilika, akasema amelala vibaya. Lakini alikuwa amelala vizuri kuliko siku zote za mwaka ule.

Siku ya mechi Mzinga alikuja na kelele zake, ila Fundi aliona jinsi anavyopiga: kwa nusu ya nguvu, akitumia mkono wa kushoto zaidi, akijifanya anamhurumia mtoto. Na kwa kupiga hivyo, Mzinga alicheza vizuri! Mpira haukupotea. Fundi alipata shimo, Mzinga akapata shimo, na walipofika shimo la mwisho walikuwa sare.

Shimo hilo lilikuwa ng'ambo ya mtaro mpana wa maji ya kiwanda. Mwenye nguvu huuvusha mpira kwa pigo moja. Asiye nazo huuweka mbele ya mtaro, kisha anauvusha polepole. Fundi alichukua fimbo fupi, akauweka mpira mbele ya mtaro, pale pale alipotaka. Watu waliguna. Mzinga akatazama mtaro, akashika bega, akarudisha mkono kwenye begi. Akachomoa na yeye fimbo fupi.

Mke wa Mzinga, aliyesimama na chupa ya chai, alishusha pumzi.

Hapo ndipo Fundi alipofungua mdomo. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mdogo kwa mkubwa, na ilitosha kusikiwa na kila mtu.

"Ndiyo, kaka. Piga fupi tu. Umri nao ni kitu. Hakuna atakayekucheka hapa."

Watu wakacheka. Mpishi wa kantini akadakia, "Jamani, Mzinga umelowa baruti!"

Mzinga aligeuka mwekundu wa macho. Akairudisha fimbo fupi, akachomoa ile ndefu.

"Baba, acha," mkewe alisema. Kisha akamtazama Fundi, si mumewe, Fundi. "Shemeji."

Fundi alikuwa akifuta fimbo yake kwa kitambaa.

Mzinga alivuta nyuma, akaachia yote aliyokuwa nayo. Waliokuwa karibu walisikia mlio, na haukuwa wa mpira. Mpira uliruka chini chini ukazama mtaroni. Yeye alipiga magoti, mkono wa kulia ukining'inia kama mkono wa koti lililotundikwa. Ngoma ikivuma sana, wazee walisema, hupasuka.

Wakamsimamisha, wakamnywesha chai. Fundi alingoja. Walipomaliza, aliuvusha mpira wake, akausogeza, akautumbukiza, kama mtu anayepiga msumari wa mwisho kwenye kisigino. Kisha akalishusha begi lake, akaliweka miguuni pa kaka yake.

Mkata nyasi akasema, "Kobe, leo si siku yake. Huoni?"

"Desturi ni desturi," Fundi akajibu. "Bega la kushoto ni zima."

Mzinga akalibeba. Wakatoka uwanjani, wakapita mtaani, na Fundi hakuzunguka kwa nyuma. Mlangoni mkewe alitoka akikausha mikono. Alimwona shemeji yake jasho likimchuruzika, mkono umefungwa kwa khanga ya mke wa Mzinga, begi likimgonga nyonga.

"Lilete ndani, kaka. Tembea, usiniburuzie vyuma," Fundi alisema, na akatazama kama binti yake anacheka. Binti hakucheka. Mkewe alilipokea begi kutoka begani kwa shemeji, akaliegemeza ukutani, akarudi jikoni bila kumtazama mumewe.

Bega halikupona. Ghala lilitafuta msimamizi mwingine. Na kwa kuwa Mzinga hawezi tena kuinua fimbo, hawezi kumshinda mdogo wake, na kwa kuwa hawezi kumshinda, begi ni lake mpaka aambiwe lile neno. Mke wa Mzinga aliacha kuleta viatu kibandani. Hupeleka mbali, kwa fundi anayeshona vibaya.

Kila Jumatatu utawaona. Kobe anapiga fupi, imenyooka, hapotezi mpira. Nyuma yake anakuja lile pande la mtu, limepinda upande mmoja. Mchezo ukiisha, Mzinga hulitua begi chini, lakini haondoki mara moja. Husimama kidogo, macho chini, kama mtu anayesubiri chenji dukani.

Fundi hukagua fimbo zake moja moja, akafunga zipu.

"Jumatatu usichelewe, kaka," husema.