Siku Ma Koku Alipoifungua Njia ya Picha

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu, kisha nashukuru. Nilikuwa nimetoka chuo, nimeajiriwa kutunza mtandao wa hospitali moja huku Muleba. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Ma Koku, mama mtaratibu aliyejifunza kompyuta akiwa tayari analea watoto watatu.

Asubuhi hiyo muuguzi wa kisiwani Bumbire alikuwa akimpima kwa ultrasaundi mama mjamzito aliyeanza uchungu, na picha zikimfikia daktari wetu papo hapo. Ghafla picha ikaganda. Daktari akaniita kwa sauti ya kutisha. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaanza kuchomoa nyaya ovyo ili kuupunguzia mtandao mzigo. Picha haikurudi, na maabara nikaikatia mawasiliano.

Ma Koku akaingia.

"Waitu Ma Koku, njia yetu ya mtandao ni nyembamba mno!" nikajitetea, nikimwita kwa heshima ya Kihaya.

"Umeangalia ni nani aliyeijaza?"

Sikuwa nimeangalia.

Akazirudisha nyaya zangu, akaketi kwenye kompyuta inayoongoza swichi zote, vile vifaa vinavyogawa mtandao. Kumbe kompyuta za ofisini zilikuwa zikipakua masasisho kwa pamoja, na ile njia yetu ya pili, ya mnara wa mlimani, ilikuwa karibu tupu. Akaandika mistari michache ya programu: picha za wagonjwa zitangulie, masasisho yahamie njia ya pili, tena yaende polepole. Swichi zote zikatii. Sijaona mikono iliyotulia namna ile.

Picha ikafunguka. Daktari akaona mtoto amelala kwa kukingama tumboni.

"Mleteni kwa boti sasa hivi!"

Mchana mama akafanyiwa upasuaji, akatoka salama na binti yake. Nilipoanza kumpongeza Ma Koku, alinikatiza.

"Maabara umekwenda kuwaomba radhi? Wana majibu ya damu yaliyokwama kwa sababu yako."

Nikaenda, kichwa chini.

Basi mwanangu, msongamano ukikukuta, wa mtandao au wa maisha, usikimbilie kukata. Tazama nani anapita, nani hawezi kusubiri, na njia ipi iko wazi. Na ukikosea, mwendee mwenyewe uliyemkosea kabla hajakufuata. Mungu akupe macho yenye subira, akubarikie kazi ya mikono yako, na akukutanishe na mwalimu kama yule ungali kijana.